Tawi la Mathenge na Simu ya Mkononi

Dereva ambaye lori lake limeharibika kati ya Lodwar na Kakuma hukata matawi ya mathenge akayatandaza barabarani nyuma ya lori hilo. Sheria hudai pembetatu nyekundu, lakini aghalabu tawi ndilo lionekanalo. Kwa mtu wa isimu, tawi hilo ni ishara kamili: halina sauti wala maandishi, na kila dereva wa nchi hii huifahamu maana yake. Lina upungufu mmoja tu, nao ni kwamba sharti litazamwe.

Njia hiyo iendayo Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, ilikuwa mashimo matupu kwa miaka mingi, na mashimo yenyewe yalimlazimisha dereva kukodoa macho mbele. Mradi wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2015 umeleta lami, na mwendo umeongezeka. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akisoma ujumbe wa simu kwa sekunde 5, amekwisha kupita mita 111 akiwa kipofu, masafa yanayozidi urefu wa uwanja wa kandanda. (Walimu wa hisabati, hesabu hiyo wapeni wanafunzi wenu.)

Na ni nani aliye mwisho wa mita hizo? Huenda ni muuguzi aliyepiga magoti kando ya majeruhi, askari apimaye alama za magurudumu, au utingo aliyelala chini ya lori. Hao hawawezi kuruka kando, kwani macho na mikono yao imo kazini. Mimi nawahofia wao kuliko dereva, ambaye angalau amejifunga mkanda.

Kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 zilimpangia dereva atumiaye simu gari likienda faini ya shilingi 2,000. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya kazi. Kuipisha ambulansi inayokimbia huku ikipiga king'ora kila mtu anakujua. Kupunguza mwendo na kujitenga na ile iliyosimama bado hatujakuzoea. Nchini Marekani majimbo yote 50 yana sheria ya namna hiyo, la mwisho likiwa Hawaii mwaka 2012. Bunge letu nalo litamke wajibu huo waziwazi, kwa Kiswahili, na mtahini wa leseni amuulize mwanafunzi wa udereva habari za tawi kabla hajamuuliza habari za gia.