Thuluthi ya Nini? Tuulize Kabla ya Kumeza Tembe

Mgeni aliyenibishia hodi Jumamosi moja alasiri hakuwa mgeni hasa. Alikuwa mwalimu wangu wa hesabu katika shule ya msingi, mzee mwenye umri wa miaka 68 ambaye hadi leo hutembea na kalamu mbili mfukoni. Baada ya salamu na chai, alitoa katika koti lake pakiti ya tembe ambayo haikuwa imefunguliwa. Alikuwa ameandikiwa na daktari wiki tatu zilizotangulia kwa sababu, kama alivyoelezwa, mafuta yalikuwa yamezidi katika damu yake. Alitakiwa ameze tembe moja kila usiku, na hakutajiwa siku ya kukoma.

“Daktari amesema dawa hii itapunguza hatari kwa thuluthi moja,” akaniambia. “Jirani yangu alipewa dawa kama hii naye ameiacha, anasema ilimla miguu. Wewe watu wanakuita daktari. Niambie, nimeze nisimeze?”

Nilimkumbusha kwamba udaktari wangu ni wa isimu, na kwamba haujapata kumtibu hata kuku. Hata hivyo, nilimwomba anieleze alivyolielewa neno hilo ‘thuluthi’. Akajibu bila kusita kwamba thuluthi moja ya mafuta yaliyoganda katika mishipa yake ingeyeyuka, na kwamba pengine baada ya pakiti tatu yote yangekwisha. Nilinyamaza kwa heshima. Mzee huyu ndiye aliyenirudisha ubaoni mara tatu nikiwa darasa la tano kwa kosa la kuandika thuluthi bila kueleza ni thuluthi ya nini.

Tangu siku hiyo nimeshawishika kwamba mabishano yanayoendelea katika nyumba zetu kuhusu dawa hizi ni mabishano ya lugha kabla hayajawa ya tiba. Si kazi yangu kumwambia mtu ameze au asimeze. Hiyo ni kazi ya tabibu aliyempima. Lakini ni kazi ya mwalimu wa lugha kuonyesha mahali ambapo maneno yanaficha maana badala ya kuifichua.

Tuanze na neno ‘mafuta’. Katika Kiswahili tuna mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, mafuta ya gari, na sasa tumeyaongeza mafuta ya damu. Kwa hivyo msikilizaji hufikiri kwamba yale aliyoyamimina katika sufuria ndiyo yanayoelea mishipani mwake, na kwamba mtu mwembamba hana la kuhofia. Ukweli ni kwamba kitu kinachopimwa huitwa kolesteroli, na sehemu yake kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Mwili unaihitaji kwa ajili ya kuta za seli na baadhi ya homoni. Taabu huanza pale ile aina ambayo madaktari huiita kolesteroli mbaya inapozidi na kujikita katika kuta za mishipa kwa miaka mingi, hadi njia ya damu ikawa nyembamba au ikaziba. Hapo ndipo hutokea mshtuko wa moyo au kiharusi.

Dawa anayozungumzia mwalimu wangu ni ya jamii ya statini. Chanzo chake ni kuvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasayansi Mjapani Akira Endo alichunguza maelfu ya aina za kuvu akitafuta kitu kinachoweza kuzuia kimeng’enya ambacho mwili hukitumia kuunda kolesteroli. Alikipata katika kuvu wa ukoo mmoja na yule aliyetupatia penisilini. Statini ya kwanza iliidhinishwa kuuzwa nchini Marekani mwaka 1987. Kimeng’enya hicho kinapozuiwa, ini hulazimika kuivuta kolesteroli kutoka katika damu, na kiasi chake hushuka. Kwamba dawa hizi hushusha kolesteroli si jambo la kubishaniwa. Swali la maana ni moja tu: je, mtu anayezimeza anafaidika kiasi gani?

Hapa ndipo inapoingia thuluthi ya mwalimu wangu. Hebu tutazame tafiti mbili mashuhuri. Ya kwanza ilifanywa katika nchi za Skandinavia na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1994. Ilihusisha wagonjwa 4,444 ambao tayari walikuwa na maradhi ya moyo. Nusu yao walipewa simvastatini, na nusu nyingine tembe zisizo na dawa. Baada ya takriban miaka mitano na nusu, katika kila watu 100 waliokosa dawa, 12 walikuwa wamefariki. Katika kila 100 waliomeza dawa, walikuwa wamefariki 8. Utafiti wa pili ulichapishwa mwaka 1995, na ulifanywa Scotland kwa wanaume 6,595 wa umri wa miaka 45 hadi 64 ambao kolesteroli yao ilikuwa juu lakini hawakuwa wamewahi kupata mshtuko wa moyo. Kwa muda wa karibu miaka mitano, katika kila wanaume 1,000 waliokosa dawa, 79 walipata mshtuko wa moyo au walikufa kwa maradhi ya moyo. Miongoni mwa waliopewa pravastatini, idadi hiyo ilikuwa 55.

Katika tafiti zote mbili, tofauti ni kama thuluthi moja. Lakini mwanafunzi yeyote aliyefundishwa vyema ataona kwamba thuluthi hizi hazilingani. Miongoni mwa wagonjwa wa moyo, watu 4 katika 100 waliepushwa na kifo chenyewe. Miongoni mwa wale wa Scotland, watu 24 katika 1,000 waliepushwa na mshtuko au kifo cha moyo. Wengine 921 wasingepatwa na mkasa huo hata bila dawa, na 55 walipatwa nao ingawa waliimeza. Anayesema ‘thuluthi’ hasemi uongo. Ila ametaja kipande cha mkate bila kutuonyesha mkate.

Neno ‘hatari’ nalo linatutatiza. Sisi tumelizoea katika nguzo za umeme, limeandikwa kwa rangi nyekundu chini ya fuvu la kichwa. Hatari kwetu ni kitu kilichopo, kinachouma. Daktari anapolitumia hana maana hiyo. Anazungumzia uwezekano: katika watu 100 wanaofanana nawe, wangapi watapatwa na jambo hili katika miaka kumi ijayo? Lau angesema hivyo, mwalimu wangu asingefikiria juu ya mafuta yanayoyeyuka.

Haidhuru, tusidhani kwamba ni wapenzi wa dawa tu wanaoteleza. Wanaozikashifu nao wana hila zao za lugha, na yamkini ni kubwa zaidi. Utasikia mtu akisema, “Dawa hizi huumiza misuli na huleta kisukari.” Itazame hiyo ‘hu-’. Katika sarufi yetu, kiambishi hicho huonyesha mazoea, jambo ambalo ni kawaida kutokea, kama tunavyosema jua huchomoza mashariki. Kukitumia kwa jambo linalompata mmoja katika mamia ni kulipa jambo hilo ukubwa lisiokuwa nao.

Madhara yenyewe yapo, na haifai kuyaficha. Mwaka 2001, statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni duniani baada ya watu kadhaa kufariki kwa kuharibika misuli kiasi cha kudhuru figo. Kwa statini zilizobaki, madhara makali ya namna hiyo ni nadra sana, ingawa huweza kuchochewa na dawa nyingine. Baadhi ya viuavijasumu, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, hazipatani na simvastatini hata kidogo. Hata tunda la balungi likiliwa kwa wingi huongeza kiasi cha dawa hiyo mwilini. Mwanamke mja mzito naye kwa kawaida hushauriwa asizitumie.

Kuhusu kisukari, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, na uliojumlisha tafiti 13 zenye watu zaidi ya 91,000, ulionyesha kwamba wakitibiwa watu 255 kwa miaka minne, mmoja zaidi atapata kisukari. Huyo mmoja ni mtu, wala si tarakimu; lakini ni vyema tumjue kuwa ni mmoja.

Na miguu ya yule jirani je? London ulifanywa utafiti mdogo lakini wa kuvutia, uliochapishwa mwaka 2020. Walioshiriki walikuwa watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara waliyoyahisi. Kwa miezi kumi na miwili walipewa chupa: miezi minne zenye dawa, miezi minne zenye tembe bandia, na miezi minne chupa tupu. Hawakujua ni mwezi gani tembe ni za kweli. Walipomeza dawa waliumia kuliko walipokaa bure. Lakini walipomeza tembe bandia waliumia karibu sawasawa. Tahadhari: hili halimaanishi kwamba walijifanya. Maumivu yalikuwa ya kweli. Chanzo chake, kwa sehemu iliyo kubwa, kilikuwa ile hofu ya kumeza, wala si kemikali iliyomo ndani ya tembe. Kwa mtu wa isimu, huu ni ushahidi wa kuogofya wa nguvu ya neno: tukilipaza neno ‘huumiza’ mitaani, tunaweza kuumiza watu kwa neno lenyewe.

Huenda msomaji akauliza, je, Waskandinavia na Waskoti wanatuhusu nini? Swali ni la haki, kwani kwa muda mrefu tafiti hizi zilifanywa mbali nasi. Jibu moja lilikuja mwaka 2023, katika utafiti wa watu 7,769 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, uliofanywa katika nchi kumi na mbili zikiwemo jirani zetu Uganda, pamoja na Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Waliopewa pitavastatini walipata mikasa ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 35. Tuulize tena: asilimia 35 ya nini? Kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, ni kutoka kama 7 hadi 5. Kwa upande wa madhara, waliopata kisukari walikuwa asilimia 5.3 wakilinganishwa na 4.0 ya wasiopewa dawa. Faida ipo na gharama ipo. Mizani yake haiwezi kusomwa ikiwa upande mmoja umefunikwa kitambaa.

Nilimshauri mwalimu wangu arudi kwa daktari yule yule, bila ugomvi, akiwa na maswali matatu. Katika watu 100 walio kama mimi, wangapi watapatwa na mshtuko au kiharusi katika miaka kumi nisipomeza? Wangapi nikimeza? Na je, dawa hii inapatana na nyingine ninazotumia? Alikwenda. Daktari, ambaye hapo kwanza alikuwa na foleni ndefu nje ya mlango, aliketi naye akakokotoa. Mwalimu wangu ana shinikizo la damu, na alivuta sigara kwa miaka mingi. Makadirio yake yalikuwa kama watu 20 katika 100. Kwa thuluthi ile, 20 hao wangeshuka hadi 13 au 14. Mzee alifungua pakiti usiku huo huo.

Mimi nami nilikwenda kupimwa, kwa kuona haya ya kumshauri mtu jambo nisilolifanya. Kolesteroli yangu imezidi kidogo. Lakini sivuti sigara, shinikizo langu la damu liko sawa, na makadirio yangu ni 3 katika 100. Thuluthi ya 3 ni 1. Tuliafikiana na daktari kwamba nitembee zaidi, nipunguze vya kukaangwa, na nipimwe tena mwakani. Wawili sisi tumeelezwa thuluthi ile ile, tukafikia maamuzi mawili tofauti, na hakuna aliyekosea.

Ndiyo maana ninawarai walimu wenzangu, wa hesabu na wa Kiswahili, wasiyaache mambo haya kwa madaktari peke yao. Leta darasani tangazo la dawa au karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti. Mwulize mwanafunzi asilimia iliyotajwa ni ya nini, na kiambishi kilichotumika kinadai nini. Mwanafunzi huyo ana baba, ana nyanya, na siku moja wataandikiwa tembe za kumeza maisha yote. Akiwepo mtu mmoja nyumbani wa kuuliza ‘thuluthi ya nini?’, watakaomeza watameza kwa kuelewa, na watakaoacha wataacha kwa kuelewa.

Mwalimu wangu aliponipigia simu kunieleza uamuzi wake, nilimshukuru kwa somo la darasa la tano. Akacheka, kisha akaniuliza kama bado nakumbuka kuonyesha njia.