Hofu Hupoza, Wasiwasi Huchoma



Hapa petu Mfaranyaki, mjini Songea, si ajabu kumwona kijana aliyeanguka na pikipiki akiinuka upesi, akajipangusa vumbi na kusema, "Sina neno, sikuumia." Baada ya muda mguu umevimba, naye hawezi kuukanyagia. Je, alisema uwongo? La! Wakati ule hakusikia maumivu, na sababu yake yafaa ijulikane katika kila nyumba.

Dr. Livingstone, ambaye mwaka 1866 alipita katika bonde la mto wetu Ruvuma, yalimfika mfano wa haya zamani zaidi. Mwaka 1844, huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, simba alimrukia akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto. Katika kitabu chake cha mwaka 1857 alieleza ya kuwa, alipokuwa akitikiswa na simba yule, hakusikia maumivu wala hofu, ingawa alijua yote yanayotendeka.

Mtu apatwapo na tishio la ghafula, tezi zilizo juu ya figo humimina katika damu adrenalini, kisha kotisoli. Vitu hivi huitwa homoni, nazo ni kama matarishi. Lakini tarishi hafai kitu asipopokewa. Kwa hiyo kila homoni ina vipokezi vyake mwilini, kama ufunguo ulivyo na kufuli lake. Wakati huo huo ubongo hupeleka noradrenalini, ndugu ya adrenalini, katika uti wa mgongo. Ikishika vipokezi vyake huko, khabari za maumivu huzuiliwa njiani. Kadhalika mwili hutoa endofini, zishikazo vipokezi vile vile vishikwavyo na mofini, dawa wapewayo wenye maumivu makali. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wa Aberdeen, Uskoti, walitangaza ya kuwa ubongo hutengeneza wenyewe vitu vifanyavyo kazi kama mofini.

Lakini msaada huu ni wa kitambo tu. Wasiwasi ukikaa miezi, kwa sababu ya deni, msiba au ugomvi wa nyumbani, mambo hugeuka. Kotisoli, ambayo kazi yake mojawapo ni kutuliza uvimbe, huendelea kubisha hodi mpaka vipokezi vyake hupungukiwa na usikivu. Hapo uvimbe huweza kukawia kupoa, na maumivu yakazidi. Mgonjwa wa namna hii hadeki, wala si mvivu.

Basi yatupasa mambo mawili. Aliyepatwa na ajali asiachwe kwa kuwa asema ni mzima. Atazamwe na mganga wa hospitali. Na mwenye maumivu ya siku nyingi apewe dawa yake, kisha apunguziwe na mzigo wa moyo: deni lizungumzwe, waliogombana wapatanishwe, naye aachwe alale usingizi wa kutosha. Upole hauchukui mahali pa dawa, bali waisaidia kufanya kazi yake.