Kijitabu cha mgeni kwenye kiwanja cha barafu

Kijana mmoja wa Mji wa Kale hapa Mombasa, aliye masomoni katika jimbo la Minnesota huko Marekani, alikwenda kutazama mchezo wa chuo chake kwa mara ya kwanza, akaketi pasipokuwa pake. Tikiti alikuwa amenunua kwa haki. Aliona viti vitupu nyuma ya lango, akakaa. Hazikupita dakika kumi akajikuta kazungukwa na vijana waliojipaka rangi nyusoni, wote wamesimama wima, wakipiga kelele kwa mpango: wakinyamaza pamoja, wakianza pamoja, wakinyoosha vidole pamoja. Aliyeketi alikuwa yeye peke yake.

"Nilijiona kama mtu aliyeingia maulidini asijue wakati wa kiyamu," aliniandikia. "Watu wamekwisha simama, mimi ningali natafuta pa kuweka viatu."

Mchezo wenyewe ni hoki, ila si hii ya nyasini tuijuayo sisi, iliyoipatia Kenya nafasi ya nne katika Kombe la Dunia kule Barcelona mwaka 1971. Hii huchezwa juu ya barafu. Wachezaji ni sita kila upande pamoja na mlinda lango, nao huteleza kwa viatu vyenye vyuma chini. Badala ya mpira hupiga kisahani cheusi cha mpira mgumu, unene wake inchi moja na upana wake inchi tatu, ambacho hugandishwa kwanza ili kisirukeruke. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20, na baina yake huingia gari la kusawazisha barafu, liitwalo Zamboni kwa jina la bwana aliyelibuni huko California mwaka 1949. Wageni wengi hulitazama gari hilo kwa hamu kuliko mchezo, wala sioni aibu katika hilo.

Labda msomaji atauliza: sisi watu wa pwani, barafu yetu ni ya kutia katika maji ya ukwaju, haya yatuhusu nini? Yatuhusu kwa kuwa watoto wetu wako huko. Minnesota wamo Wasomali kwa maelfu, na Wakenya pia wamo, na watoto wao husoma katika vyuo hivyo hivyo. Isitoshe, mwaka 2024 Kenya yetu ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo, kwa juhudi za vijana waliojifunza kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli moja ya Nairobi.

Na huko kwao hoki ya vyuo si jambo la mzaha. Vyuo vyenye timu za wanaume za daraja la kwanza ni zaidi ya 60, na Minnesota peke yake ina sita. Ubingwa wa taifa ulichezwa mara ya kwanza mwaka 1948 mjini Colorado Springs, Michigan wakawafunga Dartmouth mabao 8 kwa 4. Tarehe 22 Februari 1980, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Lake Placid, timu ya Marekani iliyojaa vijana wa vyuo iliwashinda Wasovieti, waliokuwa hawana mpinzani wakati huo, kwa mabao 4 kwa 3. Mwalimu wao alikuwa Herb Brooks, ambaye alikwisha kukipa chuo kikuu cha Minnesota ubingwa mara tatu, mwaka 1974, 1976 na 1979. Mzee wa huko akianza kukusimulia siku ile, agiza kahawa ya pili kabisa.

Basi wapenzi wa timu ya chuo cha kijana wetu waliona jambo. Kila Oktoba msimu ukianza huja nyuso mpya, na ifikapo Desemba nyingi haziko tena. Hapana aliyezifukuza. Zimechoka tu kusimama katikati ya watu wanaojua kila kitu. Wakakata shauri waandike kijitabu cha mgeni, kigawiwe mlangoni.

Kazi wakapewa wazee wa safu, watu waliotazama miaka 30 au 40, na kila mmoja akaandika alipendalo. Mmoja alileta miaka yote ya ubingwa. Wa pili alileta majina ya wachezaji waliokwenda kulipwa katika ligi kubwa. Wa tatu, ambaye yaonekana ni mtu wa hesabu, alijaza kurasa nyingi kueleza zile ligi sita na namna timu 16 zinavyopatikana kwa ajili ya mashindano ya mwisho wa msimu, kila timu ikipimwa kwa tarakimu. Yote yalikuwa kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyeandika mgeni aketi wapi.

Mimi simshangai mtu huyo wa hesabu. Mwenyeji haoni kizingiti cha nyumba yake. Mguu wake wakijua. Mwalimu wetu wa chuoni, Mungu amrehemu, mtoto akiletwa siku ya kwanza hakumwanzia alifu. Alimwonyesha pa kuvulia viatu, pa kuweka juzuu lake, na jinsi ya kuomba ruhusa ya kutoka. Alifu ilikuja kesho yake.

Bahati yao, mtu mmoja alikumbuka kumpa kijana wetu rasimu ile aisome, kwa vile ndiye aliyekuwa mgeni kuliko wote. Hakusahihisha neno. Alirudisha karatasi mbili za maswali, na kwa maoni yangu kijitabu kilizaliwa siku hiyo. Nikae wapi ikiwa sitaki kusimama saa mbili na nusu? Nivae nini? Ukumbi una baridi, na yeye alikuwa amedhani joto la ndani ni joto la ndani. Kwa nini refa kapuliza firimbi na hapana aliyeanguka? Jibu: huenda mchezaji ameotea, yaani katangulia kisahani kuvuka mstari wa buluu; au mtu amekipiga kutoka nusu yake hadi nyuma ya lango la wenziwe ili kujipatia pumzi tu, nalo ni kosa. Kwa nini yule kafungiwa kizimbani kama mshitakiwa? Anatumikia dakika mbili za adhabu, na timu yake hucheza ikiwa pungufu. Hapo ndipo watu wote wanaposimama, hata wazee. Mbona hawapigani kama nilivyoona kwenye televisheni? Kwa sababu waliopigana kwenye televisheni ni wachezaji wa kulipwa. Katika vyuo anayepigana hutolewa nje na hukosa mchezo unaofuata, na kila mchezaji hulazimika kujifunika uso mzima.

Kuna swali moja ambalo wazee hawakulijibu upesi: je, kisahani chaweza kunipiga? Chaweza. Mwaka 2002 mjini Columbus, Ohio, msichana wa miaka 13 aliyekuwa akitazama mchezo wa ligi ya kulipwa alipigwa na kisahani kilichoruka hadi vitini, akafariki siku mbili baadaye. Tangu hapo nyavu hutundikwa nyuma ya malango. Pembeni, lakini, kioo kina mwisho wake. Kijana alisisitiza jambo hili liwekwe ukurasa wa kwanza, kabla ya ubingwa wowote, na likawekwa.

Kisha kuna mas-ala ya kofia. Mchezaji mmoja akifunga mabao matatu katika mchezo mmoja, ni desturi watazamaji wavue kofia zao na kuzitupa uwanjani kwa furaha, nazo kwa kawaida hazirudi vichwani zilikotoka. Kijana wetu alikuwa na kofia ya vito iliyoshonwa na shangazi yake kwa mkono, kazi ya miezi. Jirani yake alimpiga kiwiko: tupa! Akaishika kichwani kwa mikono miwili mpaka kelele zikatulia. Hili nalo limeandikwa.

Desturi hizi nyingi zina asili yake, na mgeni asipoelezwa asili huona wendawazimu mtupu. Chukua chuo cha Cornell, mjini Ithaca, ambacho msimu wa 1969-70 kilicheza michezo 29 bila kufungwa wala kutoka sare. Wapinzani wakitangazwa majina, mashabiki wa Cornell hufungua magazeti wakajifanya wanasoma, kuonyesha kuwa hawana haja nao. Mimi mtu wa magazeti nimekaa nikalifikiria jambo hilo, sijui nifurahi au nisikitike. Na Harvard wakija, hutupiwa samaki. Husimuliwa kwamba mwaka 1973 mashabiki wa Harvard walimtupia kuku mlinda lango wa Cornell, kukicheka chuo chenye kitivo cha kilimo. Cornell wakajibu kwa samaki, kuwakumbusha wale kuwa pwani yao ni ya wavuvi. Jibu ni tamu, nakiri. Lakini mvuvi wa Lamu aliyekesha majini akisikia samaki mzima kaishia kufagiwa juu ya barafu, ataomba kwanza kujua ni samaki gani.

Hapo ndipo tunafika penye uzito. Bao likiingia, bendi ya matarumbeta ya chuo hupiga, watu huhesabu mabao kwa sauti, kisha humnyooshea kidole mlinda lango wa wageni na kumwita "chekecheke!" Kelele hii yasikika katika vyuo vingi. Mimi ningemwita kifumbu, tui lote lapita. Kejeli ya namna hiyo siwezi kuikataa, kwa kuwa nimelelewa nayo. Wazee wetu wa beni hapa Mombasa, Kingi kwa Scotchi, waliumbuana kwa matarumbeta na nyimbo, na mtunzi aliyeshindwa alikwenda nyumbani kutafuta vina.

Ila baada ya chekecheke, katika vyuo kadhaa, hufuata maneno mengine: matusi ya mama wa mtu, na ya nguoni. Wakuu wa vyuo zaidi ya kimoja wamewaomba wanafunzi wayaache. Wazee wa kijitabu walipofikia ukurasa wa kelele, waliandika zote kwa mpangilio, mpaka wakafika pale. Kalamu ikasimama. Watu waliokuwa wakiyatamka kila Ijumaa na Jumamosi kwa miaka 30 walitazamana, na hapana aliyetaka yawe mwandiko wake.

Mmoja alishauri wayaruke. Mwingine akasema tukiyaruka, mgeni atayasikia usiku wa kwanza, na atajua kuwa kijitabu kimemdanganya; ataacha kuamini hata habari ya kisahani. Mimi niko pamoja na huyu wa pili. Mwongozo unaomwonyesha mgeni sebule na kumficha shimo la uani haukumfanyia wema. Kijana wetu alipendekeza yasemwe hivi: kelele hizo zipo, hapana anayelazimika kuzitamka, safu za upande wa pili hazizitamki, na mtu mwenye watoto akae huko. Alipoombwa aeleze mwenyewe hufanyaje, alisema hufunga kinywa, kisha hufungua kwa chekecheke.

Aliongeza na ukurasa mmoja ambao hakuna mzee angeuwaza. Desemba jua la Minneapolis huzama saa kumi na nusu alasiri, kwa hiyo mchezo wa saa moja usiku humkuta Mwislamu amekwisha swali isha. Machi, saa zikisogezwa mbele, magharibi huingia mchezo umekwisha anza. Mapumziko ya kwanza yatosha, mradi ujue ni kona gani ya ukumbi iliyo tulivu, na kona hiyo imetajwa. Ramadhani ya mwaka 2025 iliangukia Machi hiyo hiyo, msimu ukiwa umepamba moto, na yeye alifuturu kwa tende tatu kitini. Kuhusu bia, ambayo katika kumbi nyingine huuzwa, ameandika tu safu ambazo haifiki sana.

Kijitabu kina kurasa 12. Hesabu za yule bwana zimesogezwa nyuma kabisa, naye hakufurahi. Sentensi ya matusi ilipigiwa kura mara mbili. Mara ya kwanza ilikataliwa, mara ya pili ikapita kwa kura moja, na bado wapo wanaotaka ifutwe toleo lijalo.

Kwa barua yake ya mwisho kijana ameomba apelekewe kofia nyingine kutoka hapa sokoni. Ya mashine, ya bei rahisi, kwa ajili ya kutupa.