Julidochromis

Julidochromis ni jenasi ya samaki wa familia Cichlidae wanaoishi katika Ziwa Tanganyika pekee. Ni samaki wembamba na warefu wanaokaa kwenye nyufa za miamba karibu na ufuko. Hufugwa pia katika nchi nyingi kwenye akwariamu, yaani tangi la kioo. Jenasi hii ilielezwa na George Albert Boulenger mwaka 1898, pamoja na spishi ya J. ornatus.

Kutambua spishi

Spishi hizi hufanana kiasi cha kuwachanganya hata wauzaji. Ni vema kuanza na ukubwa. J. ornatus, mwenye rangi ya njano na mistari mitatu myeusi ya mlalo, na J. transcriptus wa pwani ya Kongo ni wadogo, wa sentimita 7 hadi 8 hivi. J. marlieri na J. regani hufikia takriban sentimita 13. J. regani ana mistari ya mlalo tu, kwa J. marlieri mistari hiyo hukatwa na milia ya wima, hata mwili ukaonekana kama ubao wa drafti. J. transcriptus naye ana miraba, kwa hiyo mtoto wa J. marlieri hudhaniwa kwa urahisi kuwa J. transcriptus mzima.

Rangi peke yake haitoshi, maana hubadilika kutoka ufuko hadi ufuko. Samaki wa Kipili, mkoani Rukwa, waliuzwa kwa miaka mingi kwa jina la J. regani, mpaka mwaka 2014 walipoelezwa kuwa spishi ya pekee, J. marksmithi.

Kupata jozi

Katika J. marlieri na J. regani jike ni mkubwa kuliko dume, na kwa J. marlieri dume ndiye anayekaa zaidi karibu na mayai. Jambo hili hukumbusha samaki wa jenasi Amphiprion wa Bahari Hindi, ila kwa hao dume anaweza kugeuka jike, hivyo wadogo wawili wowote huweza kuwa jozi. Julidochromis hawageuki. Kuweka wakubwa wawili pamoja kwa kubahatisha mara nyingi huishia mmoja kuuawa.

Wafugaji hununua watoto sita au zaidi kutoka mahali pamoja, huwaacha wachaguane, kisha huwaondoa waliobaki. Jozi ikishashika ufa wake, mawe yasipangwe upya: samaki wakipoteza mipaka yao huweza kugombana na kuachana.

Spishi tofauti zisiwekwe pamoja, kwa sababu huzaana, na machotara wakishauzwa hakuna awezaye tena kusema asili yao.

Maji yafanane na ya ziwani: magumu, pH ya 8.6 hadi 9, na joto la nyuzi 24 hadi 27. Juu katika uwanda wa Ufipa, kama Mpui au Sumbawanga, usiku wa Juni na Julai ni baridi, hivyo tangi huhitaji hita, ingawa ziwa lenyewe si mbali.