Nati Zilizoshikwa na Kutu Katika Magari ya Chama

Katika hesabu za matengenezo ya magari ya vyama vya msingi hukutwa hati za malipo za namna hii: lori lilipelekwa kubadilishiwa gasketi ya manifoldi ya eksozi, kazi ya nusu siku, likarudi baada ya wiki mbili kwa gharama iliyozidi mara kadhaa. Sababu haikuwa gasketi. Stadi moja ilikatikia ndani ya silinda hedi, ikabidi hedi nzima ifunguliwe. Jambo hilo likitokea wakati wa kusomba pamba, mazao hulala ghalani na mkulima hungojea fedha zake.

Kutu si uchafu uliogandamana juu ya chuma. Chuma kikiliwa na hewa na unyevu hugeuka kuwa kitu kingine, chenye ujazo unaozidi mara mbili ule wa chuma kilicholiwa, nacho hujaza nafasi ndogo iliyopo baina ya meno ya bolti na ya nati. Ndiyo maana nguvu peke yake haifai: bolti hukatika kabla ya kutu kuachia. Wala fundi si mkosaji wa pekee. Katibu anayesimama mlangoni mwa gereji akidai gari litoke jioni hiyo hiyo ana sehemu yake katika hasara.

Kazi huanza kwa brashi ya waya, ili meno yaliyo nje yasafike. Kisha hutiwa mafuta mepesi ya kupenya. Yasipopatikana, dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa husaidia, ijapokuwa polepole. Hutiwa jioni, hurudiwa asubuhi, na kichwa cha bolti hugongwagongwa kwa nyundo ndogo, kwa kuwa mtikisiko huvunja kutu na kuyapa mafuta njia. Spana ifaayo ni ya pete au ya boksi yenye pembe sita. Spana ya mdomo hula pembe za nati, na nati iliyokwisha kuwa mviringo ni taabu nyingine. Nati isogezwe kwanza kidogo upande wa kukaza, ndipo ilegezwe. Ikigoma irudishwe, itiwe mafuta tena.

Magurudumu yana jambo lake. Malori mengi ya zamani yaliyoundwa Uingereza, kama vile Bedford, yana nati za magurudumu ya kushoto zinazofunguka kinyume. Kijana asiyeambiwa huning'inia kwenye bomba refu akidhani anafungua, kumbe anakaza mpaka stadi ikatike.

Mafuta yakishindwa, moto wa gesi hutumika. Huchomwa nati, si bolti, ili nati itanuke. Lakini mafuta yote yafutwe kwanza, na moto usikaribie tangi, mipira ya breki wala springi, maana chuma cha springi kikichomwa hupoteza ugumu wake. Nati iliyochomwa haifungwi tena.

Aghalabu njia ya busara ni kuiharibu nati kwa makusudi, kwa kuichana kwa tindo au kuikata kwa msumeno wa chuma. Mafundi wengine huona haya kufanya hivyo, na kamati nyingine hunung'unika kununua nati mpya; lakini bei ya nati hailingani kamwe na ya hedi iliyotobolewa upande.

Stadi ikiwa imekwisha kukatika, fundi wa kuchomelea huweza kuunga nati juu ya kisiki chake na kukizungusha, na joto la kuchomelea lenyewe hulegeza kutu. Nyaya za betri zifunguliwe kabla. Ikibidi kutoboa, alama ipigwe katikati hasa kwa panchi, na drili ndogo itangulie kubwa.

Bolti mpya iwe na alama ya nguvu ileile kichwani, kama vile 8.8, bolti laini isifungwe penye springi au usukani. Meno yapakwe grisi kidogo kabla ya kufungwa, isipokuwa ya magurudumu, ambayo hufuata kitabu cha gari. Za zamani zirudishwe kwa mtunza stoo zihesabiwe ndipo mpya zitolewe, na fundi aandike katika kadi ya gari ni ipi iliyobadilishwa.