Zona: Ugonjwa Unaolala Katika Mishipa



Maumivu ya kuunguza upande mmoja wa mbavu si kila mara uchovu wa kuvunja mawe, wala si ulozi. Vikifuata vipele vya maji vilivyojipanga kama mkanda, hiyo ni zona. Virusi vya tetekuwanga ya utotoni havikutoka mwilini. Vililala katika mishipa ya fahamu, karibu na uti wa mgongo. Mwili ukidhoofika, kwa uzee au SIDA, vinaamka na kuumiza mshipa.

Njoo dispanseri mbele ya siku 3 kupita tangu vipele vitokee: dawa ya asiklovira inafaa zaidi wakati huo. Vipele vikikauka, maumivu yanaweza kubaki miezi mingi. Vikiwa karibu na jicho, njoo siku ile ile. Jicho laweza kupofuka. Usipake majivu. Vifunike, watoto wasiambukizwe tetekuwanga. Kubali pia kupimwa damu.