Dawa Peke Yake Haimalizi Uraibu



Mtu aliyezoea unga au pombe hata hawezi tena kukaa bila hiyo, tunamwita mraibu. Akitibiwa halafu akarudia, watu husema, "Huyo hasikii." Hebu tuliangalie jambo hili vizuri. Mara nyingi kinachomrudisha si ukaidi. Kuna mambo mawili yanayomvuta sana: kukosa kazi, na ugonjwa wa akili ambao haukutibiwa.

DAWA INAFANYA NINI?
Mwezi wa Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini, yaani unga. Baadaye kliniki kama hiyo zilifunguliwa mikoani, kama Mbeya na Mwanza. Methadoni ni dawa ya maji. Kwa kawaida mgonjwa huinywa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu. Inazuia arosto, yaani yale maumivu ya mwili, kutapika na kuharisha yanayompata akikosa unga. Lakini methadoni haimpi mtu kazi. Wala haitibu huzuni.

KUKOSA KAZI
Mtumiaji wa unga ana shughuli kutwa: kutafuta pesa, kutafuta unga, kuutumia. Akiacha, siku inakuwa ndefu. Hana pa kwenda. Marafiki aliobaki nao ni wale wale wa kijiweni.

Tena dawa ya kila siku inataka muda na nauli. Kibarua huanza asubuhi, na kliniki nayo ni asubuhi. Je, achague lipi? Akienda kibaruani, anakosa dawa. Akienda kliniki, hana nauli ya kesho. Basi wengine huacha matibabu hapo hapo.

UGONJWA WA AKILI
Wengine walianza kunywa ili wapate usingizi, au wasahau hofu na mawazo. Kumbe walikuwa na sonona. Mwenye sonona hukaa wiki mbili au zaidi bila furaha, halali vizuri, hataki kula, na huona maisha hayana maana. Ukiondoa pombe tu, sonona inaweza kubaki pale pale. Naye ataitafuta chupa tena. Pombe yenyewe pia huleta sonona. Kwa hiyo magonjwa yote mawili yatibiwe pamoja.

Mambo haya husaidiana kumwangusha mtu. Kukosa kazi huongeza sonona. Na mwenye sonona hushindwa hata kuamka kwenda kutafuta kazi.

TUFANYE NINI?
1. Tumpe kazi, hata kama ni ndogo: palizi, kufyatua matofali, kufuga kuku. Tumwachie nafasi ya kwenda kliniki. Tusimlipe kwa pombe.

2. Pesa nyingi mkononi kwa mara moja huweza kumshawishi. Yeye na jamaa zake wakubaliane namna ya kuzitunza.

3. Tumweleze mganga wa zahanati dalili zote, pamoja na kukosa usingizi na kusikia sauti. Akisema anataka kufa, tusimwache peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

4. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila mganga. Anaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kufa.

5. Akirudia, tumrudishe kwenye matibabu upesi, bila matusi. Aliyekaa muda bila unga, mwili wake hauumudu tena. Kipimo chake cha zamani kinaweza kumwua.

MASWALI YA KUJADILI
Kijijini kwenu, mtu aliyetoka kutibiwa hupokewaje? Ni nani anaweza kumpa kazi wiki hii? Na nani atamsindikiza zahanati?